Jina Langu Chini ya Tovuti ya Mama Kulwa

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno ya mpunga, mwanangu, baba yangu mzazi aliponipigia simu kutoka Nkoma. Baba hakuwa mtu wa simu. Alipiga mtu akifa au ng'ombe akipotea, basi. Siku hiyo hakuna aliyekufa, wala zizi halikupungua. Alisema tu, "Masunga, funga duka uje nyumbani. Kuna mgeni wako." Nikauliza mgeni gani, akawa ameshakata.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, umri ambao mwanamume hujiona amemaliza kuisoma dunia. Nilikuwa na steshenari hapa Bariadi, karibu na stendi, nikitoa kopi, nikichapa barua na kupiga picha za pasipoti. Mlangoni nilikuwa nimetundika kibao kikubwa kuliko duka lenyewe, kinachosema kwamba mimi ni mbunifu wa tovuti. Ukicheka sikulaumu. Wakati huo intaneti yangu ilitoka kwenye modemu ya kuchomeka, na siku za mvua ilinilazimu niisogeze dirishani ili ipate mtandao.

Lakini kazi nilikuwa naijua, sitajipunja. Niliijua kwa sababu nilipewa. Mtandaoni kulikuwa na programu huria ya kuchapishia tovuti, na bado ipo. Watu wa nchi nyingi waliiandika pamoja, wakaiweka wazi, kila mtu aichukue bure, aifungue aone ilivyoundwa, aitumie atakavyo. Ukishamwekea mwenye biashara, anaingia mwenyewe, anaandika bei ya mchele, anaweka picha ya gunia, anabonyeza kitufe, na mtu wa Mwanza anaona. Hahitaji kusomea kompyuta. Ndiyo maana hata leo, ukizunguka mji huu, gesti, maduka ya pembejeo, shule na zahanati, nyingi zimejengewa tovuti kwa programu za namna hiyo. Makampuni makubwa yenye majengo ya vioo nayo yanatumia hizo hizo. Mkubwa na mdogo wanachota kisima kimoja, na fundi wako akikuudhi unamwita mwingine, maana vitu ni vyako na namna ya kuvitengeneza inajulikana.

Mimi jambo hilo la mwisho sikulipenda. Nilitaka wateja waamini kwamba tovuti imetoka kichwani mwangu. Chini kabisa ya ukurasa programu ile ilikuwa na mstari mdogo wenye jina la walioiunda. Nikaingia ndani ya msimbo, nikaufuta mstari ule, nikaandika: Imebuniwa na Masunga. Tatizo likawa moja. Kila wale waungwana walipotoa toleo jipya, nikisasisha tu, jina langu linaondoka na lao linarudi. Nikafanya nini? Nikafunga mlango wa kusasisha. Na ili mteja asije akaufungua, sikumpa neno la siri. Nilimwambia, "Hayo ya ndani niachie mimi, ni ya kitaalamu." Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mimi nilikuwa nimeivaa na ninatembea nayo mjini kifua mbele.

Basi, siku ile nikapanda pikipiki kwenda Nkoma. Nilipofika uani, baba yuko kwenye kigoda chake kando ya ghala, na kwenye kiti cha wageni amekaa Mama Kulwa wa Kiloleli, ameshika bakuli la mtindi ambalo hajalionja. Mama Kulwa alikuwa mteja wangu wa kwanza wa tovuti. Alikuwa na ghala la mchele, na wanawake kama kumi na watano wa pale jirani walimletea mpunga wao aukoboe na kuutafutia soko. Kutoka Kiloleli hadi Nkoma lazima upite Bariadi. Kwa hiyo alishuka stendi, akaliona duka langu na kile kibao, akalipita, akaenda kwa mzazi wangu. Kwetu huko, mtu mzima akikosewa na kijana hagombani naye sokoni. Anakwenda kwa aliyemzaa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kama mama yangu.

"Mwangaluka, baba," akaitikia, hakunitazama.

Mengine yalisemwa kwa Kisukuma, lakini nitakueleza kwa Kiswahili tuelewane. Alisema kwamba mwenye hoteli mmoja wa Mwanza alikuwa ameahidi kuchukua mchele wao wote wa msimu ule. Kabla ya kuja, akafungua tovuti auone mzigo. Akakuta picha za kamari, na maneno ya lugha asiyoijua, na pale ilipokuwa namba ya simu ya Mama Kulwa kuna namba nyingine. Akadhani ni matapeli. Akanunua kwingine, na simu hapokei.

"Mchele umejaa ghalani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini tu. "Wenzangu wananiuliza, Mama Kulwa, kumbe wewe unacheza kamari kwa mpunga wetu? Na mimi mlango wa nyumba yangu sina ufunguo wake. Anao mwanao."

Mwanangu, ningepigwa fimbo ningeumia kidogo kuliko vile. Nilianza kueleza kwa maneno makubwa makubwa, kwamba ni wadukuzi, ni uhalifu wa kimataifa, unaweza kumpata yeyote. Baba akaniacha nimalize. Kisha akauliza taratibu, kama anayeulizia bei ya mbuzi.

"Hiyo programu uliinunua wapi?"

"Sikununua, baba. Inatolewa bure."

"Nani aliiunda?"

"Watu wengi. Wako kila nchi."

"Na wakiona tundu wanafanyaje?"

"Wanaliziba. Halafu wanamtangazia kila mtu, achukue kiraka."

"Na hili la Mama Kulwa, walikuwa wameshaliziba?"

Nikaitikia kwa kichwa. Walikuwa wameliziba miezi mingi nyuma.

"Kwa hiyo kiraka kipo, kinatolewa bure, na wewe hukukichukua. Kwa nini?"

Hapo ndipo uongo wangu ulipoishiwa njia, maana njia ya mwongo ni fupi. Nikasema mbele ya mgeni kwamba niliogopa jina langu litafutika.

Baba hakupaza sauti. Aliinuka akaenda ghalani, akaikokota plau hadi katikati ya uwanja. Nilikua nikiiona plau ile. Waliinunua watu wa kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, ambacho sisi tunakiita elika, na ililala kwetu kwa sababu baba ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Desturi yao ilikuwa hivi: anayemaliza kulima, kabla hajairudisha, anakaza nati zote, anapaka gurudumu grisi, na anamweleza anayefuata kila alichokiona. Huyu atasema ulimi umeanza kulika, yule atasema mkono wa kulia unacheza. Plau ikalima mashamba ya watu wote miaka na miaka, na bado ipo.

"Tafuta jina hapo," baba akaniambia.

Niliizunguka. Hakuna jina.

"Ningeipaka jina langu, Masunga, nani angekuja kuniambia nati imelegea? Wangesema, si ya kwake, acha imkatikie. Watu wanakuletea nati mpya mpaka mlangoni, hata hawakujui sura, na wewe unawafungia mlango ili usomeke wewe. Shukrani ya punda ni mateke." Kisha akamgeukia mgeni. "Mayu, kunywa mtindi wako. Atakwenda na wewe leo hii. Na yeye ndiye atakayewaambia wenzako, si wewe."

Nikaenda. Njia nzima tumekaa kiti kimoja cha basi na Mama Kulwa, na tulipofika Lamadi akaninunulia karanga, akanikabidhi bila kunitazama. Zile karanga sijazisahau. Mtu niliyemharibia msimu alikuwa anahofia nisije nikashinda na njaa.

Kesho yake wale wanawake walikaa kwenye magunia, nikasimama mbele yao. Niliwaambia kosa ni langu, si la Mama Kulwa. Niliwaambia kwamba tovuti sikuibuni mimi, nilipewa bure na watu wa mbali, nikafuta jina lao nikaandika langu, na ili nilinde uongo huo nikaacha mlango wazi kwa wezi. Mmoja wao, mtani wa baba, akasema, "Kwa hiyo ulichobuni mwenyewe ni hilo tundu tu." Walicheka. Nami nikacheka, na machozi yakanitoka, sitakuficha. Nilimwambia Mama Kulwa atafute fundi mwingine, wapo wengi wanaoijua programu hiyo. Akakataa. Alisema aliyetoboa mtungi ndiye anayejua pa kuziba.

Kumbe hata mimi sikujua vizuri. Nilishinda ghalani pale siku tatu na kompyuta juu ya gunia, nikifuta, na takataka zinarudi. Siku ya pili nikaandika kwenye ukurasa wa wasaidizi wa programu ile, kwa Kiingereza changu cha sekondari, nikakiri kila kitu hadi habari ya jina. Nilitegemea matusi. Akanijibu mtu ambaye mpaka leo sijui kama ni mzee au kijana, mwanamume au mwanamke. Alinionyesha faili moja baada ya jingine mahali wezi walipojificha. Nilipokosea alirudia. Hakunisuta hata mara moja, na hakuomba kitu. Tulipomaliza aliniandikia kwamba na yeye aliwahi kusaidiwa.

Tovuti ikasimama. Nilisasisha kila kitu, jina langu likafutika, la kwao likarudi mahali pake. Nikaandika maneno ya siri yote kwenye daftari, nikampa Mama Kulwa kwa mikono miwili, nikamfundisha kutunza nakala. Kisha nikampigia yule mwenye hoteli kwa namba yangu asiyoijua, nikamweleza mkosaji ni nani. Msimu ule alikuwa ameshajaza stoo yake, kwa hiyo mchele uliuzwa kidogo kidogo pale sokoni Lamadi hadi mvua zinakaribia. Nilikwenda kila Jumamosi kubeba magunia. Msimu uliofuata alikuja mwenyewe, akaushika mchele, akaunusa, na tangu hapo hajaacha kuja.

Kibao changu nilikiteremsha. Niliandika kingine kidogo: Masunga, natengeneza na kufundisha tovuti. Ajabu ni kwamba wateja waliongezeka. Nilidhani nikiwapa funguo wataondoka, kumbe mtu anayejua anaweza kuondoka hana haraka ya kuondoka. Nilisomesha watoto wanne kwa kazi hiyo, mwanangu, kwa chombo ambacho sikulipia hata senti kukipata. Nikikaa nikifikiri, nashikwa na shukrani mpaka nakosa pa kuipeleka. Nimshukuru nani? Siwajui. Kwa hiyo nikaanza kukaza nati, kama watu wa elika. Nikiona kasoro, natangaza. Na kwa miaka kadhaa, mimi na wenzangu tumekuwa tukiyatafsiri maneno ya programu ile kwa Kiswahili, tukibishana wiki nzima neno moja liweje. Leo mama wa Lagangabilili akifungua ukurasa wake anasoma "Chapisha" na "Hifadhi", na baadhi ya maneno hayo yalipita mikononi mwangu. Jina langu halipo popote pale, na silali vibaya.

Baba alishatangulia. Plau iko kwangu, na wajukuu wa wale wa elika bado huja kuiazima.

Sasa sikia, wewe unayeanza na kompyuta yako na wateja wawili. Nimepita hamsini, na ninachokuambia nilikilipia kwa aibu. Kuchukua cha bure si kosa, kimewekwa ukichukue. Ila mwambie mteja kilikotoka, hatakudharau. Mpe ufunguo wa nyumba yake siku unayomaliza kuijenga. Kiraka kikija kichukue siku hiyo hiyo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utakaobomoka ni wa mama wa watu mwenye magunia ya wenzake ndani. Ukikosea, usijifiche nyuma ya maneno makubwa. Nenda kwa uliyemkosea kabla yeye hajaenda kwa baba yako. Na ukisaidiwa na usiyemjua, basi msaidie usiyemjua.

Mama Kulwa sasa ni bibi, anaona kwa shida, na tovuti inaendeshwa na binti yake. Mwaka jana niliwatembelea. Akaniagiza nimsomee kilichoandikwa chini kabisa ya ukurasa, nikamsomea jina la waundaji. Akauliza, "Ni hilo tu?" Nikasema ndilo hilo. Akafikiri kidogo, akasema, "Chini yake niandikie: Wabeja." Nikaliandika hapo hapo, asante ya Kisukuma iliyo wazi kwa dunia nzima, na mpaka leo lipo.

Mungu akupe kazi ya mikono yako, mwanangu, akupe na wa kukuambia nati imelegea. Akujalie kila utakapochota usisahau waliochimba, na siku ambayo hutatajwa tena, ulichokikaza kiendelee kulima. Wabeja.