Nywele Zangu, Kazi Yake

Nilimfukuzisha kazi rafiki yangu kwa sababu ya nywele. Nikiwaambia wanangu hivyo wanacheka, wanadhani baba anatania. Sitanii.

Tulikuwa kwenye shamba moja la ngano la serikali, huko Hanang. Mimi nilitoka Tumati, nilikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano. Yeye alitoka Mogitu, alikuwa fundi msaidizi karakana. Tulilala chumba kimoja katika nyumba za bati za wafanyakazi, tukala sufuria moja. Siku zile dereva wa kombaini alikuwa mtu. Ukishuka Katesh siku ya mnada na ovaroli lako, watu walikupisha. Nami nilikuwa na kichwa kilichojaa nywele na majivuno, sijui kipi kilizidi.

Mtindo wa vijana ulikuwa nywele laini, zilizolala, kama za wanamuziki kwenye majalada ya santuri. Dawa za dukani hazikuonekana. Hata sabuni ya kufulia tuliipangia foleni. Rafiki yangu, ambaye mikono yake haikushindwa na kitu, akajifunza kutengeneza dawa yake mwenyewe: viazi mviringo vilivyochemshwa na kupondwa, mafuta ya kupikia, na soda kali ya karakana, ile waliyochemshia vyuma ili grisi itoke. Kitu kinachong'oa grisi kwenye chuma sisi tulikipaka kichwani, na tulifurahi.

Alinipaka mara tatu bila madhara. Masharti yake yalikuwa mawili: usijikune kichwa siku mbili kabla, na maji yawe tayari kwenye ndoo. Mara ya nne ilikuwa Jumapili ya msimu wa mavuno. Nilitaka kuwahi Katesh, na ndoo ilikuwa tupu. Maji ya kambi yaliletwa na boza, na boza lilikuwa halijafika.

"Bwana, tusubiri maji kwanza," aliniambia.

"Paka tu. Boza hilo linakuja, huoni vumbi lake?"

Vumbi lilionekana kweli, kule mwisho wa shamba. Akapaka. Halikuwa la boza. Lilikuwa la makundi ya ng'ombe wa Wabarbaig, wakizungushwa mbali kulikwepa shamba letu, ambalo zamani lilikuwa malisho yao. Sisi tulioishi pale tulipaswa kujua tofauti ya vumbi la gari na vumbi la ng'ombe. Nilijua. Nilikuwa na haraka.

Dawa ilipoanza kuuma nilipiga mayowe mpaka watu wakatoka vyumbani. Rafiki yangu alikimbilia kombaini yangu iliyoegeshwa jirani, akafungulia rejeta, akakinga maji yake yenye kutu kwenye ndoo, akanimwagia yote. Bila maji yale ningeungua kichwa kizima. Nilibaki na kidonda kimoja juu ya sikio la kulia, ukubwa wa kidole gumba. Kiliingia vumbi la makapi, kikatunga usaha, kikapona. Mahali pale nywele hazijaota mpaka leo.

Ingeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Lakini msimu uliofuata nywele za mbele zilianza kurudi nyuma, na utosini pakafunguka. Nilikuwa sijafika thelathini. Kila asubuhi niliokota nywele kwenye mto. Madereva wenzangu wakaniita Uwanja wa Ndege, nami nikacheka nao huku ninachemka. Hasira hutafuta mtu, na yangu haikwenda mbali, ilimkuta yule niliyelala naye chumba kimoja.

"Umeniharibu kichwa," nilimwambia.

"Nisamehe, kaka. Ningesubiri maji."

Hakujitetea hata kidogo. Hakunikumbusha ni nani aliyeharakisha. Kuomba kwake radhi nikakuchukua kuwa ushahidi.

Nikapanda basi kwenda Haydom, hospitali. Daktari aliyenipokea alikuwa mtu mzima, mpole. Nikamwamkia, akaitika, nikamweleza habari ya dawa. Alibonyeza lile kovu.

"Hapa ni soda," alisema. "Imeunguza ngozi mpaka kwenye mizizi ya nywele. Hapaoti tena. Dawa hizi zikikuchoma hivyo ndivyo zinavyofanya. Hata zisipokuchoma, zinakata nywele." Akanigeuza kuelekea dirishani. "Lakini huku mbele na utosini sioni kovu. Upara wa namna hii kwa wanaume wengi ni wa ukoo. Baba yako ana nywele?"

"Anazo," nilijibu.

Sikukusudia kumdanganya. Tumati kuna baridi, na baba alivaa kofia ya sufu tangu anaamka mpaka analala. Kanisani alikwenda mama na sisi watoto. Yeye hakubatizwa, na hakuwa na mahali pa kuivulia. Na kwetu mtoto hamkagui baba yake. Kama niliwahi kukiona kichwa chake kitupu, ilikuwa utotoni nikasahau.

Daktari aliniambia niache dawa na nikamuulize baba. Sikumuuliza. Katika maneno yote yale nilitoka na moja tu, soda, kwa sababu ndilo nililokwenda kulitafuta.

Jumatatu nikaingia ofisini kwa meneja, nikamwambia kwamba fundi wangu wa Mogitu anachota soda ya karakana. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulinirahisishia kazi. Alipoitwa alikiri. Alipoulizwa ya nini, alisema ya kutengenezea dawa ya nywele, basi. Hakumtaja mtu. Kabla ya saa sita alikuwa njiani na godoro lake kichwani, katikati ya ngano. Nilikuwa juu ya kombaini. Alinipungia mkono, maana hakuwa amejua nani aliyesema. Nilitazama mbele.

Miaka miwili baadaye baba akafariki. Nilikuwa miongoni mwa wanaume waliomwosha. Baba mdogo akamvua ile kofia, nami nikakiona kichwa changu. Mbele nywele zimerudi nyuma hivyo hivyo, utosini pamefunguka hivyo hivyo, na nywele chache zimebaki juu ya masikio. Mzee yule hakuwahi kugusa dawa yoyote ya nywele maishani mwake. Nilishika bakuli la maji bila kumwaga hata tone, hadi baba mdogo akaninyang'anya.

Baada ya mazishi wana wa marehemu tulinyolewa, kama ilivyo desturi. Baba mdogo akapitisha wembe kwangu mara mbili tatu, akamaliza.

"Wewe hunipi kazi," alisema. "Hata babu yako alikuwa hivi hivi. Sote tuko hivi."

Waombolezaji wakacheka kidogo. Mimi nikalia kwa sauti, wakadhani namlilia baba. Nilikuwa na aibu, aibu ya kutaka kuondoka kwenye ngozi yangu.

Matanga yalipokwisha nikaenda Mogitu. Njia nzima nilipanga maneno: kwamba si dawa yake, ni ukoo wangu, kwamba ni mimi niliyeharakisha, kwamba ni mimi niliyekwenda ofisini. Nilimkuta anapalilia mahindi katika shamba la mtu, kibarua. Hakuna shamba la ngano lililomchukua tena. Alikuwa amekonda, na ile mikono iliyoweza kila kitu ilishika jembe tu.

Aliniona, akatazama kichwa changu kilichonyolewa, jembe likamtoka.

"Zimeisha zote," alisema. Machozi yakamtoka pale pale. "Kaka, tangu siku ile sijamgusa mtu kichwa. Walinifukuza kwa haki kabisa. Kila siku namwomba Mungu unisamehe."

Alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nimeyapanga tangu Tumati.

"Nimekusamehe," nikasema.

Akanishukuru mara nyingi. Akanichukua mpaka nyumbani kwake, akamwita mkewe atoke amwone mtu mwenye moyo mwema. Wakanichinjia jogoo wao, na mimi nikala.