Mafuta ya Kondoo kwenye Breki

Juzi hapa Same mjukuu wangu alirudi na gari limejaa tope. Akalipiga maji ya mpira nje nje tu, akaingia kula. Nikamuuliza, "Na ndani ya breki?" Akacheka: "Babu, breki si zinajisafisha zenyewe!" Nilikuwa nimechoka, sikubishana. Lakini wewe mwenzangu, kaa nikwambie.

Enzi za Mwingereza baba yangu aliendesha lori la tajiri mmoja wa Same. Baba alikuwa mtu wa Kwakoa, bondeni, akaoa kule juu milimani, tukaishi kwa bibi mzaa mama. Shule nilikaa kidogo tu, niliiacha kwa sababu ya viatu, lakini hiyo ni habari nyingine. Masika lori likipanda kuchukua kahawa, lilifika limevaa tope hadi tumboni. Baba alipiga jeki, akavua matairi, akavua na dramu, yale masufuria ya chuma yaliyo nyuma ya tairi, akakwangua tope lililoganda ndani. Likibaki linakula viatu vya breki, vile vinavyoibana dramu lori lisimame, na njia ya kushuka ni kona tupu na makorongo. Sisi tulibeba maji. Mama alipika makande, na hadi leo nikisikia harufu yake mikono yangu inaona baridi. Tulichoka, ndugu yangu, tukalala na tope kwenye kucha.

Sasa bibi. Alikuwa binti wa wahunzi, na kwao chuma kikioshwa hupakwa mafuta kisishike kutu. Jembe, panga, vyote. Siku moja baba akiwa anakula, bibi akaona dramu zimeachwa kavu uani. Akamhurumia mkwewe. Akazipaka mafuta ya kondoo, ndani na nje. Manyunyu yalikuwa yameanza, baba akadhani zinang'aa kwa maji, akafunga.

Bahati, hakupakia watu kabla ya kulijaribu gari. Akakanyaga breki, lori likaendelea tu, likaingia kwenye migomba. Bibi akapiga vigelegele. "Mmeona linavyokwenda laini! Ni mafuta yangu, mkwe!"

Baba akashuka, macho chini. Kwetu mama mkwe hakaripiwi. Akasema, "Ahsante, mama." Akavua matairi yote upya, akasugua kwa majivu na maji ya moto, na abiria waliokuwa wakingoja juu ya magunia yao wakimpigia kelele: "We dereva, hilo gari ni bi harusi?"

Jikoni nikamsikia mama: "Niache nimwambie. Si mama yangu?"

"Umwambie nusura atuue?" baba akasema. "Yule hatakula tena. Nyamaza."

Lori lilipopanda tena, bibi alikuwa ameshaandaa kibuyu cha mafuta. Basi tangu hapo, kila masika, baba aliliacha lori Makanya, chini kabisa, na kupanda mlima kwa miguu. Tajiri aliambiwa njia imekatika, kahawa ikashushwa kwa punda. Baba alifika, bibi akimngoja mlangoni.

"Gari liko wapi, mkwe?"

"Limelala Makanya, mama. Barabara mbovu."

"Pole. Lakini umelipaka?"

"Nimelipaka, mama."

Wote hao hawapo tena. Siku hizi wakwe wanapigiana simu na kuambiana kila kitu, pengine ni vizuri, sijui. Ile haya ya kumnyamazia mtu ili ale na alale siioni tena, na mimi nimezeeka mno kuifundisha.

Bibi alifariki masika. Baba akapandisha lori hadi uani, limejaa waombolezaji na tope. Tulipotoka kuzika, watu wakila, yeye akapiga jeki. Akaosha dramu, akaziacha wazi, akaingia ndani akakaa muda mrefu. Alipotoka zilikuwa kavu. Akazipapasa ndani kwa kiganja, moja moja, kisha akajifuta mkono kwenye suruali, ingawa haukuwa na kitu.