Kidole, Kisha Ngong

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mwaka wa sitini na tisa, enzi zetu sisi wa darasa la tatu. (Najua nina miaka kumi na sita tu, lakini enzi ni enzi.) Mama alinibandika plasta kwenye jicho la kulia, uani kwetu Uthiru. Hilo ndilo zima. La kushoto, daktari wa mjini alisema, ni vivu: vitu vya karibu halivishiki, linamwachia mwenzake kazi yote. Lifanyishwe kazi peke yake mpaka shule zifungwe. Likikataa, basi, litabaki hivyo maisha.

"Jicho likilala huamshwa kwa kazi," Mama akasema, akanipa ungo wa maharagwe nichague mawe. Jioni Baba akauma jiwe. Kesho yake akauma mawili. "Nekesa," akasema ameshika shavu, "hilo jicho litapona nikiwa kibogoyo!"

Aibu kubwa ilikuwa kora, mchezo wetu wa vijiwe: unarusha kimoja juu, unatoa vingine shimoni, unadaka cha juu kabla hakijaanguka. Jicho langu likitoka juu kurudi chini, shimo lote ni ukungu. Likijikaza kuona shimo, kijiwe kishanigonga utosini.

"Wewe Nekesa, daka na mkono, si na kichwa!" Wambui wa jirani alipiga kelele, watoto wote wakaangua kicheko. Nakiri: siku ya tatu niliinua plasta nikachungulia. Kisha nikakumbuka yale ya maisha, nikaibandika tena kwa mate.

Wiki zikapita. Alhamisi moja, vumbi puani, harufu ya mahindi ya kuchoma ikija kutoka barabarani, nikarusha. Juu, kijiwe, dhahiri, na kona zake. Chini, shimo, kingo wazi kama limechorwa. Nikatoa vitatu, nikadaka. Nikarudia. Nikarudia tena!

"Ai, umechungulia!" Wambui akaikagua plasta kwa kucha. Imeshika ndi. Tukarukaruka sote wawili kama wendawazimu.

Siku hizi mdogo wangu ana mwanasesere wa dukani anayefumba na kufumbua macho mwenyewe. Atajua raha gani? Langu bado huchelewa kidogo kutoka daftarini hadi ubaoni, na likifika hakuna tena wa kurukaruka nami.

Lakini asubuhi iliyofuata Alhamisi ile nilisimama mlangoni, kidole mbele ya pua. Kidole, kisha vilima vya Ngong. Kidole. Ngong. Kidole. Ngong. Uji ukapoa.