Habari Haimruki Jirani

Nakumbuka Ijumaa moja huko Riyadh, mwanangu, enzi zile nilipokuwa dereva, tukikaa Wakenya watupu kwenye nyumba ya wafanyakazi pale Al-Murabba. Simu ikalia. Mtu nisiyemjua, dereva wa mtaa wa Mahjar kule Jeddah, akaniambia dada yangu Nafula, aliyeajiriwa kazi za nyumbani mtaa wa Al-Safa hukohuko, ameanguka jikoni, yuko hospitali, hali mbaya.

"Ameanguka lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu! Wiki karibu iishe watu wamenyamaza? Nikaanza kurusha nguo kwenye begi. Kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini, alikuwa safarini, ruhusa sina, na ukiondoka hivyo unaripotiwa umetoroka, na ikama yako, kibali cha kuishi kule, ndiyo basi tena. Sikujali.

Mzee Musyoka, mlinzi niliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa zamani mwalimu wa hisabati Kitui. Alipenda mchezo fulani kwenye kompyuta yake: ubao wa viboksi, kila kiboksi kinatazama majirani wanaokigusa tu, kisha vyote kwa pamoja vinabadilika rangi au vinabaki vilivyo. Akanishika mkono.

"Keti kwanza."

Akaufungua ule mchezo, akabadilisha rangi ya kiboksi kimoja cha pembeni, akabonyeza. Badiliko likasogea kwa jirani. Akabonyeza tena, likasogea kwa anayefuata.

"Cha ukingo ule kitajua lini?"

"Mpaka limfikie jirani yake," nikajibu, roho juu.

"Naam. Ukibadilisha kanuni, linaweza kwenda polepole zaidi, au lifie njiani. Kumruka jirani haliwezi. Haya, Nafula ana simu?"

Hakuwa nayo. Dereva alisema ilibaki nyumbani kwa madam.

"Basi bila shaka alimpa wa kitanda cha pili habari na namba yako, yule akamwambia mgeni wake, mgeni akamwambia dereva. Hakuna aliyekuficha, kijana. Na hiyo inayokuliza ni hali ya Jumatatu. Ya leo iko njiani. Mtafute aliye karibu naye."

Nikampigia dereva, akasema ndivyo ilivyokuwa, akanipa namba ya yule mgeni, mama mmoja wa Kakamega. Saa za kuwaona wagonjwa zilipofika, mama akaingia wodini na kumpa Nafula simu.

"Kaka, usije," akasema, sauti dhaifu lakini yake. "Walinipasua kidole tumbo. Leo nimekunywa supu."

Nililia mbele ya wanaume wenzangu, na hakuna aliyenicheka. Kafili aliporudi nikaomba ruhusa, nikaenda kumwona dada yangu kwa njia halali.

Mwanangu, habari ikikufikia ya mbali, jua imeshazeeka njiani. Usiwalaumu walioileta, maana walikubebea bila kukujua. Usifanye uamuzi wa leo kwa hali ya juzi. Uliza kwanza aliye karibu. Na popote uendako kutafuta riziki, jenga ujirani kabla hujauhitaji. Mungu akuweke karibu na watu wema, na siku ukianguka, awepo wa kukusemea.