Mafuta ya Cherehani kwenye Kompyuta ya Espoir

Sipendi kuisema habari hii, hata sasa uso unanichoma, lakini najua mmekwisha kuisikia kwa watu wanaoongeza chumvi, basi afadhali muipate kwangu mwenye aibu yake.

Mdogo wangu Espoir alikuwa akipiga picha za harusi. Alipofariki, laptop yake ilibaki kwangu, na ndani yake mlikuwa na video aliyojipiga mwenyewe akijaribu kamera, ameketi hapa kwenye cherehani yangu, anaongea na kucheka. Mama yetu anakaa Goma, na siku tuliyomzika Espoir yeye alikuwa amelazwa hospitali. Macho yake pia siku hizi ni hafifu. Aliniomba kitu kimoja tu: siku ya gukura ikiriyo, tukimaliza matanga, amsikie mwanawe akiongea.

Video ilikuwa inafanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma. Tatizo lilikuwa kelele ya laptop yenyewe, tk tk tk, chini ya sauti ya Espoir, nami nikaona si heshima mama amsikie mtoto wake pamoja na kelele ya chuma. Basi asubuhi ya siku yenyewe, wageni wa Goma wakiwa wameanza kuvuka mpaka pale Petite Barrière, mama akiwa pamoja nao, nikachukua turnavisi ndogo ninayofungulia cherehani, nikailaza laptop kifudifudi (cherehani nimefungua nyingi, nikajiambia mashine ni mashine).

Mjomba wetu, Tonton Bosco, ambaye penye bia hachelewi, akasimama mlangoni.

"We fundi, leo unashona kompyuta?"

"Naifungua, Tonton. Iko na kelele."

"Bon, ukimaliza unikatie na suruali."

Nikatoa skrubu zote, nikabandua kifuniko kwa kucha, na pale kelele ilipokuwa ikitokea nikakuta diski, kipande bapa cha chuma (baadaye niliambiwa ndimo video inamokaa). Juu yake palikuwa na tundu dogo, na mshale ukilielekea, na maneno ya Kiingereza ambayo sikuyaelewa. Sasa mniambie ninyi: fundi cherehani akiona tundu dogo kwenye chuma kinachopiga kelele, anafikiria nini? Cherehani ina matundu ya namna hiyo na kazi yake ni moja, kutiwa mafuta. Nikatia tone. Halikuingia. Nikasukuma kwa sindano, nikaongeza, nikaongeza tena, nikafunga (skrubu moja ilibaki, nikaitia mfukoni).

Baada ya sala, mama akakaa mbele kabisa, watu wakasogea kumsikia Espoir. Nikawasha. Kioo kikabaki cheusi, halafu yakatokea maandishi meupe, na kelele sasa ilikuwa krrr, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno.

"Iko wapi?" mama akauliza.

"Inakuja, Mama."

Haikuja. Nikazima, nikawasha, nikaitikisa mbele ya watu wote. Mama akadhani sauti ni ndogo, akaipokea laptop kwa mikono miwili akaiweka sikioni, na yale mafuta yaliyozidi yakamtiririkia shavuni mpaka kwenye kitenge nilichomshonea kwa siku hiyo. Tonton Bosco akainama akanusa.

"Mana yanjye! Hii ni mafuta ya cherehani! Mutu amepika kompyuta!"

Watu wakacheka. Kwenye matanga, wakacheka, wanawake wakijiziba midomo kwa vitambaa. Hata mimi nilicheka, na sijui hicho kilikuwa kicheko gani.

Mama hakucheka. Akajipangusa kwa kidole gumba. "Donc haitasema tena?"

"Haitasema, Mama."

"Bon. Pea watu chakula."

Nilipokuwa nikimsugua kitenge nyuma ya nyumba, akaniuliza kwa sauti ya chini, "We uliisikiaka. Alisema nini?" Nilikuwa nimeitazama video hiyo kila siku, lakini nilikuwa nikisikiliza sauti, maneno sikuyashika. Nikamwambia tu kwamba alilalamika mwanga ni mdogo, kisha akacheka.

"Sema vile alisema."

Nikajaribu. Nikalainisha koo, nikajaribu mara nyingine.

Mama akatikisa kichwa. "Apana. Hiyo ni sauti yako."

Siku hizi redio, simu, hata saa ya ukutani, sifungui. Kitu kikisema na kelele yake, nakaa nakisikiliza hivyo hivyo.