Uji wa Mzazi

Wanaonifahamu wanajua kwamba hakuna aliyenibeba. Nilikulia ukimbizini Tanzania, nikauza karanga stendi, nikajilipia shule mpaka nikapata diploma ya uhasibu. Niliporudi Bujumbura nilivaa suti yangu mwenyewe, si ya kuazima. Wenzangu wengi waliorudi walipanga foleni kuomba kazi, mimi nilitafutwa. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mwanamume wa kukaa jikoni.

Hospitali ilimruhusu mke wangu mapema kwa sababu vitanda vilitakiwa kwa majeruhi wa vita. Alikuwa amepoteza damu nyingi. Mtoto, wetu wa kwanza, alizaliwa mzima. Alishika ziwa vizuri, akavuta, akaliacha, akalia. Hakuna kilichotoka.

Kwetu mzazi hulishwa na mama yake. Mama huja na unga wa mtama, akamkorogea binti yake uji, igikoma, asubuhi na jioni, mpaka maziwa yashuke. Mama mkwe wangu alikuwa huko milimani na barabara haikupitika kwa risasi. Ndugu zangu walikuwa bado kambini. Uani kwetu, mtaa wa Bwiza, karibu kila mlango ulikuwa na kufuli. Basi nikajifunga kitenge cha mke wangu kiunoni, nikawasha mkaa.

Aliyebaki uani alikuwa mama mmoja Mwislamu, mjane, muuza maandazi, mzaliwa wa hapo hapo. Alisimama mlangoni mwa jiko akanitazama.

"Muzee wa diploma," akasema, "huo ni uji ao ni simiti?"

"Onja kwanza, mama."

Akaonja. "Iko na mabonge. Lakini sukari unajua kutia."

Mimi nikifundishwa jambo, nalishika. Kesho yake uji wangu ulikuwa laini kuliko wa wanawake wengi, na nasema hivyo mbele ya yeyote. Mke wangu aliunywa kikombe baada ya kikombe bila hamu, macho yake kwa mtoto.

Nilitafuta maziwa ya kopo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia biashara, na maduka machache yaliyofunguliwa Bwiza hayakuwa nayo. Gatumba, ambako vitu vya Kongo hupitia, askari walizuia njia. Tulijaribu kurudi hospitali, tukageuzwa kwenye kizuizi cha kwanza. Jirani alizunguka mtaani kutafuta mama anayenyonyesha, akarudi peke yake.

"Wenye watoto wamekimbia, baba. Tumebaki sisi wazee."

Tukampa mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Mwanzoni alikataa kwa hasira, tukafurahi kwamba ana hasira. Baadaye akawa anakubali. Baadaye tena maji yakawa yanamtiririkia shingoni.

"Mushikishe ziwa," jirani alimwambia mke wangu.

"Amelala, mama."

"Apana, binti yangu. Mushikishe."

Alikufa mchana, mikononi mwa mama yake, mimi nikiwa jikoni nakoroga.

Tulimzika upesi, kabla njia haijafungwa tena. Asubuhi iliyofuata niliona gauni la mke wangu limelowa kifuani, nikadhani amejimwagia uji. Yalikuwa maziwa. Jirani alimvua gauni, akamfunga kifua kwa kanga, akakaza kwa nguvu zake zote, na maziwa yakapenya kwenye kanga. Mke wangu aliitazama ile kanga kama kitu cha mtu mwingine.

Nilirudi jikoni. Wakati wa uji ulikuwa umefika, na sikujua jingine la kufanya. Jirani akanifuata.

"Baba, acha kupika sasa," akasema kwa sauti ya chini. "Unamuongezea maziwa."

"Hajatia kitu mdomoni tangu jana."

"Mupe chai ya rangi. Uji apana."

Ulikuwa umeiva, mzuri. Niliumwaga nyuma ya choo, nikasugua sufuria, nikabandika maji ya chai.