Bolti Zilizobaki Nzima

Chuo kikuu cha ufundi cha Erzrode hakikupata kuwa kikubwa. Kilianza kama shule ya wachimba madini, na migodi ilipofungwa kikabaki juu ya kilima mfano wa mjane aliyeachiwa nyumba pana kuliko haja yake. Wanafunzi walikuwa elfu mbili na ushee katika mji wa watu elfu kumi na moja, na salamu ya wachimbaji, "Glück auf", iliendelea kutolewa dukani ingawa hakuna tena aliyeshuka shimoni.

Irmtraud Hollweg aliajiriwa hapo mwaka 1992, baada ya kufungwa kwa kiwanda cha waya alikokuwa akipima vyuma. Watu mia nane walirudishwa nyumbani kwa wiki moja. Huko kiwandani aliwahi kutia sahihi karatasi ya vipimo ambavyo havikupimwa, kwa sababu mkurugenzi alitaka lengo la mwaka lionekane limetimia. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo Irmtraud hakudai kamwe kwamba alifanya haki. Alisema tu kuwa ilikuwa bahati.

Kwa miaka ishirini na saba aliihudumia mashine moja katika chumba cha chini cha taasisi ya vyuma. Mashine hiyo huivuta bolti na kuiachia, huivuta na kuiachia, mamia ya maelfu ya mara, mpaka chuma kichoke na kukatika. Bolti moja nene ya kushikilia mnara wa umeme wa upepo huchukua siku tisa. Haibembelezwi wala haiharakishwi.

Jumatatu moja ya Mei 2019, Ottfried Zschau, fundi wa karakana, alimjia mikono ikinuka gundi. Ijumaa ile Wiebke Tannert angetetea tasnifu yake ya uzamivu, na desturi ya chuo ni kwamba wenzake humtengenezea daktari mpya kofia ya kadibodi na kuipamba kwa vitu vya jasho lake.

"Irmtraud, nipe vipande vya bolti zake nivitundike pembeni kama hereni."

"Utamvunja shingo."

"Shingo yake, si yako. Miaka mitatu ametuimbia bolti, bolti. Na azivae basi. Nimemwekea na birika la kahawa kileleni, maana bila kahawa asingefika popote."

Irmtraud alikwenda stoo akitabasamu. Toka Novemba hadi Machi alikuwa hospitalini na nyumbani akiuguza nyonga, na Wiebke ndiye aliyeiendesha mashine peke yake. Bolti iliyopimwa huacha vipande viwili, navyo hufungwa pamoja kwa waya. Katika sanduku la kwanza na la pili vilikuwamo vipande hivyo, namba moja hadi ishirini na tano. Katika sanduku la tatu zilikuwamo bolti kumi na moja zilizofungwa karatasi, namba ishirini na sita hadi thelathini na sita. Alizifungua moja moja. Zote zilikuwa nzima, bila hata ufa.

Akapanda ofisini, akaifungua nakala ya tasnifu iliyokuwa rafuni. Kila bolti kati ya hizo kumi na moja iliandikiwa idadi ya mivuto iliyoikata.

Wiebke, msichana wa miaka ishirini na tisa aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka chuoni, aliingia akicheka. "Bi Hollweg, kofia mmeificha wapi? Ottfried ananikwepa kama mwizi wa kuku."

Irmtraud aliweka bolti moja mezani. Kicheko kikakatika, na Wiebke akaketi.

"Zile ishirini na tano zimekatika kwenye mstari mmoja," alisema. "Umeuona mchoro wa mivuto. Hizi nazo zingekatika palepale."

"Pengine."

"Si pengine. Nakijua chuma hiki kuliko ninavyomjua mama yangu."

"Mbona hukuzitia mashineni?"

"Siku tisini na tisa, Bi Hollweg. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza ishirini na mbili. Wewe hukuwepo. Profesa aliniambia nifanye nitakavyoweza. Nikafanya."

"Ungeandika ishirini na tano."

"Kampuni ya minara iliyotulipia utafiti ilitaka thelathini na sita. Na wizara inakuja Juni kutazama kama taasisi hii ina faida yoyote. Sasa wewe unataka nini hasa?"

"Nataka uende kwa profesa mwenyewe, uahirishe. Nakungoja mpaka Jumatano mchana."

"Nisipokwenda?"

"Nitakwenda mimi."

Wiebke aliisukuma bolti upande wa Irmtraud. "Wewe umebakiza miaka miwili ustaafu, ukapande viazi vyako. Mimi nitakuwa nani?"

Irmtraud aliichukua bolti, akashuka nayo stoo.

Jumatano mchana ulipita bila Wiebke kwenda. Profesa Ansgar Lüdeking, mkuu wa taasisi na msimamizi wa Wiebke, alimpokea Irmtraud kwa adabu yake ya siku zote, akamwomba afunge mlango. Hakuuliza kama jambo lenyewe ni kweli.

"Niletee hilo sanduku, nilitunze."

"Liko salama nilipoliweka, Bwana Profesa."

"Unaelewa kwamba wakitufunga, mashine yako itauzwa kwa kilo?"

"Naelewa."

"Basi iache Ijumaa ipite, Bi Hollweg. Tutalishughulikia baadaye, kwa utulivu."

Mkurugenzi wa kiwanda cha waya naye alizungumza kwa utulivu. Irmtraud alitoka, akavuka ua akichechemea, akampelekea sanduku profesa mzee wa hisabati aliyekabidhiwa na chuo mashauri ya uaminifu wa utafiti. Barua aliyoiambatanisha ilikuwa ya sentensi tatu.

Alhamisi karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi: utetezi umefutwa. Ottfried alilibandua birika kwenye kofia, akalirudisha jikoni.

"Umeshindwa hata kuniuliza?" alimwambia Irmtraud.

"Ungesemaje?"

"Ningekwambia unyamaze."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Wiebke aliondoka mjini kabla ya kiangazi. Mama yake, muuzaji wa duka la mikate, aliendelea kumuuzia Irmtraud mkate bila kumpa salamu. Wizara ilikuja, ikasoma, ikaamua kuwa taasisi ifungwe mwisho wa mwaka. Wapo waliosema ingefungwa kwa vyovyote vile. Wengi walisema Hollweg ndiye aliyewazika.

Kamati ya uchunguzi iliyoundwa na chuo iliagiza bolti zote kumi na moja zipimwe, na hakuna mwingine aliyebaki wa kuzipima. Irmtraud alianza mwishoni mwa Agosti. Bolti ya kwanza ilikatika siku ya tisa, karibu kabisa na idadi ya mivuto aliyoiandika Wiebke. Ya pili hali kadhalika, na ya tatu. Kila aliposoma kihesabio, moyo wake ulikuwa upande wa yule binti. Alitamani zote zikubaliane naye, ingawa alijua kukubaliana huko kusingegeuza uongo kuwa kipimo. Tisa zilikubaliana.

Asubuhi moja ya Novemba alishuka akaikuta mashine kimya. Bolti ya kumi ilikuwa imekatika siku ya pili.

Alimwita Lüdeking. Profesa aliushika mkato chini ya taa, akaukagua kwa lenzi, kisha akauweka chini taratibu.

"Kasoro ya ndani," alisema. "Kwa nje huwezi kuiona."

"Wiebke aliijua?"

"Angeijuaje? Hakuipima."

"Na zile za shehena hiihii zilizokwishafungwa minarani?"

Lüdeking alivua miwani, akaifuta, asiivae tena. Akasema atawapigia simu kampuni, akapanda ngazi.

Irmtraud aliandika tarehe, saa na idadi, akatia sahihi. Kisha akaifunga bolti ya kumi na moja mashineni, akawasha, akavuta kiti akaketi kuisikiliza.